Nani ameshika swichi? Mwongozo kamili wa kumaliza ugomvi wa programu za umeme kwenye Linux

Laptopu iliyonifundisha somo hili ililetwa mezani kwangu na kijana aliyekuwa amekata tamaa. RAM 16 GB, diski ya SSD, prosesa ya i5, lakini hata ukurasa wa barua pepe ulikuwa unafunguka kwa kujikongoja. Chaja imechomekwa, feni imenyamaza kimya, na kasi ya prosesa imekwama kwenye 800 MHz. Nilipouliza amesakinisha nini karibuni, akanijibu kwa fahari kwamba ameweka "vitu vya kutunza betri." Tukahesabu pamoja: TLP, auto-cpufreq, power-profiles-daemon iliyokuja na mfumo wenyewe, na skripti moja ya mistari sita aliyoinakili kutoka kwenye video. Walinzi wanne, mlango mmoja.

Hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa mbovu. Kila moja ingebaki peke yake ingefanya kazi vizuri. Manahodha wakiwa wengi chombo huenda mrama, na mwongozo huu unaeleza namna ya kuwatambua manahodha hao, kuwashusha kwa adabu, na kumwachia usukani mmoja tu. Mifano mingi ni ya Ubuntu, Debian, Linux Mint na Fedora, ila mantiki ni ileile kwenye Arch na nduguze.

## Kwanza, elewa wanagombania nini

Programu za umeme hazina uchawi. Karibu zote zinafanya jambo moja: zinaandika maneno mafupi kwenye faili zilizo chini ya `/sys`, na kerneli, yaani kiini cha Linux, inatii. Faili hizo ndizo swichi zenyewe. Kerneli haijali nani ameandika, wala haikumbuki. Anayeandika mwisho ndiye mshindi, mpaka mwingine aje aandike juu yake.

Swichi zinazogombaniwa mara nyingi ni hizi:

- `scaling_governor`, yaani gavana wa prosesa (si yule wa kaunti). Huamua sera ya kasi.
- `energy_performance_preference`, kwa kifupi EPP. Huiambia prosesa ya kisasa ielemee upande wa kasi au upande wa kubana matumizi.
- `platform_profile`, hali ya mashine nzima: feni, joto, na kiwango cha wati ambacho bodi inaruhusu.
- `no_turbo` kwa Intel na `boost` kwa nyingine, kuruhusu au kuzuia prosesa kuvuka kasi yake ya kawaida.
- `power/control` ya kila kifaa cha USB na PCI, yaani kifaa kisipotumika kilale au kisilale.
- `charge_control_end_threshold`, asilimia ambayo betri ikifika inaacha kuchajiwa.

Tazama zako zikoje sasa hivi kabla ya kugusa chochote:

```
cd /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq
grep . scaling_driver scaling_governor energy_performance_preference
cat /sys/firmware/acpi/platform_profile
cat /sys/devices/system/cpu/intel_pstate/no_turbo
cat /sys/class/power_supply/BAT0/charge_control_end_threshold
```

Ukiambiwa faili fulani haipo, usiogope. Si kila mashine ina swichi zote. Nakili majibu kwenye daftari, utayahitaji mwishoni.

Hapa kuna mtego ambao umezaa ugomvi mwingi kuliko kitu kingine chochote. Kama `scaling_driver` inasema `intel_pstate` na gavana anasomeka `powersave`, watu wengi hushtuka: "Ndiyo maana mashine nzito!" Kisha wanatafuta skripti ya kulazimisha `performance`. La hasha. Chini ya `intel_pstate` ikiwa katika hali yake ya kawaida, `powersave` haina maana ya kubana kasi chini kabisa kama ilivyo kwa viendeshi vya zamani. Kasi bado inapanda na kushuka kulingana na kazi, na EPP ndiyo inayosema ipande kwa haraka kiasi gani. Hapo hakuna ugonjwa. Ukikuta `powersave` kwenye Intel ya miaka ya karibuni, iache ilivyo.

## Pili, fanya sensa

Orodhesha wote waliomo, walioamka na waliolala:

```
systemctl list-unit-files --type=service | grep -Ei 'tlp|power-profiles|tuned|auto-cpufreq|laptop-mode|powertop|thermald|cpupower|system76-power'
```

Soma safu ya hali. `enabled` ni huduma inayoamka na mfumo, `disabled` haiamki yenyewe, na `masked` imezibwa kabisa. Ila usilitegemee sana neno `disabled`. Nitakuja kulieleza, maana ndilo linalowaponza wengi.

Baada ya huduma rasmi, tafuta zile za mkono. Skripti za mitaani hupenda kujificha sehemu hizi:

```
sudo grep -rEl 'scaling_governor|energy_performance|no_turbo|power/control|auto-tune' /etc/udev/rules.d /etc/systemd/system /etc/tmpfiles.d /etc/rc.local /usr/local/bin /usr/local/sbin 2>/dev/null
crontab -l; sudo crontab -l
cat /proc/cmdline
```

Ile amri ya mwisho inaonyesha kerneli iliwashwa na maagizo gani. Ukiona `intel_pstate=disable` au `amd_pstate=` ikifuatwa na kitu ambacho hukumbuki kukiweka, kuna mtu alipita hapo kabla yako. Laptopu za mtumba zilizokwisha kupita mikono mitatu huwa na mambo hayo.

Usisahau pia mazingira ya dawati lenyewe (GNOME, KDE, Xfce na mengine):

```
pgrep -af 'gsd-power|powerdevil|xfce4-power-manager|mate-power-manager'
```

Hapo inatakiwa irudi moja tu. Ikirudi mbili, kuna uwezekano ulisakinisha Xfce juu ya GNOME ili kujaribu, ukasahau kuondoa masalia.

## Tatu, mkamate kwa saa yake

Hatua hii watu huiruka, wakakimbilia kufuta kila kitu. Mimi naipenda kuliko zote, kwa sababu kila programu ina tabia yake ya muda, na tabia hiyo inaitaja jina.

TLP haikai macho muda wote. Huandika mashine inapowaka, chaja inapochomekwa au kuchomolewa, na mashine inapoamka kutoka usingizini. Kwa hiyo kama umechagua hali ya kasi, ikakaa vizuri, kisha ukachomoa chaja na kila kitu kikabadilika, mtazame TLP kwanza.

auto-cpufreq hairudi nyuma hata kidogo. Inapima mzigo na kuandika upya kila baada ya sekunde chache. Ukibadilisha gavana kwa mkono na kabla hujapepesa macho mara mbili amerudi alikokuwa, umeshampata.

power-profiles-daemon huandika inapoanza, na wewe unapobonyeza hali mpya kwenye menyu; matoleo yake ya karibuni huweza kugusa EPP pia chaja inapochomekwa au kuchomolewa. `powertop --auto-tune` huandika mara moja tu, kisha inaondoka zake na kukuachia kipanya cha USB kinachosinzia kila ukikiacha sekunde mbili. Na tuned huweka wasifu wake (fungu la mipangilio) inapoanza na unapoubadilisha, huku baadhi ya wasifu zake zikiendelea kurekebisha mambo chinichini.

Fungua terminali, uiache hii ikizunguka:

```
watch -n 1 "grep . /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/scaling_governor /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/energy_performance_preference /sys/firmware/acpi/platform_profile"
```

Sasa chomoa chaja, subiri, chomeka. Badilisha hali kwenye menyu. Laza mashine, iamshe. Kila neno linapobadilika bila wewe kuligusa, kumbuka lilibadilika baada ya tukio gani.

Kama bado hujamjua, kuna mtego wa uhakika zaidi. Kwenye Debian na Ubuntu sakinisha kifurushi cha `bpfcc-tools`, kisha:

```
sudo opensnoop-bpfcc -d 60 > /tmp/nani.txt
grep -E 'scaling_governor|energy_perf|platform_profile|no_turbo' /tmp/nani.txt
```

Kwa sekunde 60 itaandika jina la kila programu inayofungua faili yoyote. Katika muda huo chomeka na uchomoe chaja. Majina ya wanaosoma tu yatatokea pia, kwa mfano `grep` ya ile `watch` yako ukisahau kuizima, kwa hiyo usimhukumu mtu kwa kuonekana mara moja.

Ushahidi mwingine uko kwenye kumbukumbu za mfumo:

```
journalctl -b -u power-profiles-daemon -u tlp -u tuned -u auto-cpufreq
```

Ukikuta malalamiko ya `Device or resource busy`, umefika penyewe. Maana yake ni hii: gavana akiwa `performance` chini ya `intel_pstate`, kerneli inakataa EPP yoyote isiyo ya kasi kamili. power-profiles-daemon inapoamka humweka gavana kwenye `powersave` ili iweze kuandika EPP; baadaye skripti au huduma nyingine inamrudisha `performance`; kisha wewe unabonyeza hali ya kubana umeme, na mlango umefungwa. Wakati mwingine menyu inaonyesha umebadilisha, prosesa haina habari. Laptopu ya yule kijana ilikuwa na mistari ya namna hiyo mingi ajabu.

Watumiaji wa tuned wana njia fupi. `tuned-adm active` inataja wasifu uliowekwa, na `tuned-adm verify` inalinganisha wasifu huo na hali halisi ya swichi. Verify ikishindwa, mtu mwingine ameingiza mkono.

Mkono mwingine unaweza kuwa mashine yenyewe. ThinkPad nyingi za kuanzia 2020 hivi hubadilisha `platform_profile` ukibonyeza Fn pamoja na L, M au H. Zipo pia zinazopunguza nguvu zikihisi ziko mapajani, na `powerprofilesctl` hulitaja hilo wazi kwa neno `lap-detected`. Ukiona hivyo, iweke mezani kabla hujaanza kuilaumu Linux. GameMode, programu ya wacheza michezo, nayo humpandisha gavana mchezo unapoanza na kumrudisha ukiisha. Huyo ni mgeni wa muda, mwache.

## Nne, chagua mmoja

Sitajifanya sina upande.

Kama una GNOME au KDE, na prosesa yako ni Intel ya kizazi cha Skylake (2015) na kuendelea, au AMD inayotumia `amd_pstate`, baki na power-profiles-daemon. Prosesa hizi zinajiongoza zenyewe kwa sehemu kubwa. Zinachohitaji ni kuelekezwa upande tu. Ubuntu kuanzia 22.04 inakuja nayo, na kitufe kiko kwenye menyu ambako hata mzee asiyejua terminali anakifikia. Hali tatu, basi.

Fedora kuanzia toleo la 41, la mwaka 2024, iliihama na kuweka tuned pamoja na tuned-ppd. Hii ya pili ni mkalimani: dawati linadhani linaongea na power-profiles-daemon, kumbe linaongea na tuned. Kitufe cha menyu ni kilekile. Kama uko Fedora na huna shida mahususi, usihame. Ukitaka hali ya "balanced" imaanishe wasifu mwingine, badilisha kwenye `/etc/tuned/ppd.conf`, huhitaji programu ya ziada.

TLP naipendekeza kwa anayetaka kushika kila swichi mwenyewe: kikomo cha chaji, USB, wifi, diski, tofauti kati ya chaja na betri. Kwa laptopu za zamani bado haina mpinzani.

auto-cpufreq naiona inafaa prosesa za kabla ya Skylake, ambazo haziwezi kujiongoza vizuri. Kwa mashine mpya inafanya kazi ambayo silikoni tayari inaifanya, tena kwa haraka zaidi.

laptop-mode-tools ilikuwa ya enzi za diski zinazozunguka. Ikiwepo, ondoa.

thermald usiiguse. Inashughulikia joto la prosesa za Intel, na kazi yake haigongani na hawa wengine kwa namna ya kukusumbua.

Na powertop? Ibaki kama kipimo. Ifungue, soma wati, ifunge. Ile `--auto-tune` iliyowekwa iwake kila mfumo unapoanza ndiyo tatizo, kwa sababu haibagui kipanya na kamera. Ukizipenda nasaha zake na unatumia tuned, kuna `powertop2tuned` inayozigeuza kuwa wasifu unaoweza kuusoma na kuupunguza.

Wengine huniuliza kama TLP inaweza kubaki kwa ajili ya betri tu huku power-profiles-daemon ikishika prosesa. Kinadharia unaweza kuacha mistari ya prosesa tupu kwenye mipangilio ya TLP. Mimi sipendekezi, maana sasisho moja tu linatosha kurudisha ugomvi. Kama haja yako ni kikomo cha chaji peke yake, GNOME 48 na KDE Plasma zina mpangilio huo ndani, kwa mashine zinazoukubali. Na kwa mkono ni mstari mmoja:

```
echo 80 | sudo tee /sys/class/power_supply/BAT0/charge_control_end_threshold
```

## Tano, waondoe wengine kwa utaratibu

Sasa lile jambo la `disabled`. Ukiandika `systemctl disable power-profiles-daemon`, unaizuia isiamke pamoja na mfumo. Lakini GNOME na KDE huiita kupitia D-Bus, njia ambayo programu huitumia kuzungumza zenyewe kwa zenyewe, na D-Bus ina ruhusa ya kuiamsha huduma inapoitwa. Umeizima asubuhi, ukiingia tu kwenye dawati imeamka. Hakikisha mwenyewe:

```
busctl list | grep -i powerprofiles
```

Ukiona neno `activatable`, iko tayari kuamshwa wakati wowote. Ukiona namba na jina la huduma, imeshaamka, na jina hilo ndilo linaloshikilia kitufe cha menyu. Dawa yake ni `mask`, ambayo huiziba njia isiamshwe na yeyote.

Kuhamia TLP kwenye Ubuntu, Mint au Debian:

```
sudo systemctl mask --now power-profiles-daemon.service
sudo apt install tlp tlp-rdw
sudo systemctl enable tlp.service
sudo systemctl mask systemd-rfkill.service systemd-rfkill.socket
sudo tlp start
sudo tlp-stat -s
```

Mstari wa rfkill upo kwa sababu systemd nayo hupenda kukumbuka kama wifi na bluetooth zilikuwa zimewashwa au zimezimwa, na TLP ina mpango wake kuhusu hilo. Wakiachwa wote wawili, utawasha mashine ukute bluetooth imezimika bila sababu.

Soma mwisho wa majibu ya `tlp-stat -s`. TLP ina tabia nzuri ya kumtaja adui yake kwa jina na kukupa amri ya kumwondoa. Kitufe cha hali ya umeme kwenye menyu ya GNOME kitatoweka, na hiyo ni kawaida. TLP kuanzia 1.9 ina kifurushi cha `tlp-pd` kinachokirudisha.

Weka mabadiliko yako kwenye faili yako mwenyewe, kwa mfano `/etc/tlp.d/50-yangu.conf`, badala ya kuhariri `/etc/tlp.conf`, sasisho likija halitakuuliza maswali. Kipanya au kadi ya sauti ya USB ikisinzia, tafuta namba yake kwa `lsusb` uiandike humo:

```
USB_DENYLIST="1234:abcd"
```

Kuhamia TLP kwenye Fedora:

```
sudo dnf remove tuned tuned-ppd
sudo dnf install tlp tlp-rdw
sudo systemctl enable --now tlp.service
```

Malizia na ule mstari wa kuziba rfkill hapo juu.

Kurudi kutoka TLP kwenda power-profiles-daemon. Hapa ndipo pana mashimo.

```
sudo tlp fullcharge BAT0
sudo apt purge tlp tlp-rdw
sudo apt install power-profiles-daemon
sudo systemctl unmask power-profiles-daemon.service systemd-rfkill.service systemd-rfkill.socket
sudo systemctl enable --now power-profiles-daemon.service
sudo reboot
```

Mstari wa kwanza usiuruke. Mama mmoja alileta laptopu akisema betri imekufa, haivuki 80 hata ikilala kwenye chaja usiku kucha. Fundi mwingine alishamwambia anunue mpya. Betri ilikuwa nzima. Mwanawe aliwahi kuweka TLP na kikomo cha 80, akaiondoa, na kikomo kikabaki. Kwenye mashine nyingi, ThinkPad zikiwemo, namba hiyo hutunzwa na kidhibiti kilicho kwenye bodi, si kwenye Linux. Huzimi wala huwashi ikaondoka. Hata ukisakinisha mfumo upya inabaki pale pale. Mama alinilipa nauli tu, na mimi sikuona haki ya kudai zaidi kwa kuandika namba 100.

Nyingi ya swichi nyingine hurudi zenyewe mashine ikizimwa na kuwashwa, ndiyo sababu ya `reboot`. Kuondoa programu peke yake hakurudishi ilichoandika.

Kumwondoa auto-cpufreq. Usifute folda yake kwa hasira. Tumia mlango wake:

```
sudo auto-cpufreq --remove
```

Ilipoingia ilimzima power-profiles-daemon, na inapotoka kwa njia hii humrudisha. Ukiifuta kwa mkono, unabaki na mashine isiyo na mlinzi yeyote. Kisha rudia sensa ya hatua ya pili.

Skripti za mitaani na huduma ya `powertop.service` iliyotengenezwa kwa mkono: `disable --now`, kisha uhamishe faili kwenda folda nyingine badala ya kuifuta, mpaka ujiridhishe wiki nzima.

## Sita, ugomvi wa pili: nani anailaza mashine

Mpaka hapa tumezungumzia kasi na wati. Kuna ugomvi mwingine kabisa, wa usingizi, na programu zake ni tofauti. Huku wanaoshindana ni systemd-logind (huduma ya mfumo inayosimamia kuingia, kifuniko na usingizi, kwa kifupi logind) na meneja wa umeme wa dawati lako.

Dalili maarufu: unafunga kifuniko, mashine inalala, unafungua, inaamka, halafu inalala tena hapo hapo. Amri mbili zilitolewa kwa kifuniko kimoja. Uliza nani ameomba nini:

```
systemd-inhibit --list
```

Dawati lililo sawa litaonekana limeshikilia `handle-lid-switch` au vitufe vya kuzimia, maana yake limemwambia logind "hili niachie." Lisipoonekana, logind atashughulikia kwa mujibu wa `/etc/systemd/logind.conf`, na dawati nalo likafanya la kwake. Kwenye Xfce, mpe meneja wake jukumu hilo waziwazi:

```
xfconf-query -c xfce4-power-manager -p /xfce4-power-manager/logind-handle-lid-switch -n -t bool -s false
```

Dalili ya pili inawasumbua wanaogeuza kompyuta ya zamani kuwa seva ya duka au ya cyber. Umeingia kwenye mipangilio ya GNOME, umesema isilale kamwe ikiwa kwenye chaja, lakini usiku inalala. Sababu: hukuwa umeingia. Skrini ya kuingilia ina mtumiaji wake na mipangilio yake ya usingizi, na haisomi ya kwako. Kwa mashine ambayo haitakiwi kulala maisha yake yote, sihangaiki na mipangilio ya mtumiaji mmoja mmoja:

```
sudo systemctl mask sleep.target suspend.target hibernate.target hybrid-sleep.target
```

Na wenye kompyuta ya mezani yenye UPS iliyounganishwa kwa USB: UPower, huduma inayolipa dawati habari za betri, inaiona UPS kama betri na ina uamuzi wake ikikaribia kuisha, ulioandikwa kwenye `/etc/UPower/UPower.conf` mbele ya `CriticalPowerAction`. Ukisakinisha NUT au apcupsd, programu maalumu za kusimamia UPS, unaleta mwangalizi wa pili wa waya uleule. NUT ikiishika, UPS huweza kutoweka kwenye dawati, na watu hudhani waya umekatika. Kama umeme wa mtaani kwenu unakatika mara kwa mara na una seva inayotakiwa kuzimika kwa usalama, mwachie NUT na usishangae alama ya betri ikipotea. Kama ni kompyuta ya kuandikia barua, UPower inatosha, usisakinishe kitu.

## Saba, jaribu kabla ya kushangilia

Zima mashine kabisa, iwashe, usiguse kitu kwa dakika tano. Soma swichi zote ulizonakili mwanzoni. Kisha chomoa chaja, chomeka, laza, amsha, na baada ya kila tukio soma tena. Badilisha hali kwenye menyu, iwapo menyu ipo, uone EPP au `platform_profile` ikifuata.

Halafu pima matumizi halisi, chaja ikiwa imechomolewa:

```
upower -i $(upower -e | grep BAT) | grep -E 'energy-rate|percentage'
```

Namba ya wati huruka ruka, hivyo pima mara kadhaa skrini ikiwa na mwanga uleule na kivinjari kimefungwa. Ukilinganisha kabla na baada huku mwanga wa skrini ukiwa tofauti, umepima skrini.

Laptopu ya yule kijana tuliiachia power-profiles-daemon peke yake. Ilivuka 3 GHz siku ileile, feni ikaanza kusikika, akaniuliza kama hiyo kelele ni tatizo jipya. Kabla ya kumkabidhi nilimwandikia faili ndogo kwenye `/root/umeme.txt`, na nakushauri uwe na yako, kwa ajili yako mwenyewe wa mwakani au fundi atakayefuata:

```
Msimamizi: power-profiles-daemon
Zimeondolewa: tlp, auto-cpufreq, /usr/local/bin/turbo.sh
Zimezibwa (mask): hakuna, systemd-rfkill imefunguliwa
Kikomo cha chaji: 100, kimewekwa kabla ya kuondoa tlp
```